UZI: Kanuni ya kupima shule ndiyo inayochagua mtoto wa kufundishwa. Tujifunze kwa majimbo ya Marekani

Mizani_Tano (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila matokeo yakitoka mjadala unarudi palepale: shule zipangwe au zisipangwe, zipewe alama au zisipewe. Naleta mfano wa Marekani kwa sababu majimbo yake 50 yamefanya kazi hii kwa lazima ya sheria kwa zaidi ya miaka 20, kila moja kwa kanuni yake, na makosa yao yanaonekana na kila mtu. Msimamo wangu nautanguliza: siku unayoandika kanuni ya kupima shule, umeshaamua ni mtoto gani mwalimu atabaki naye baada ya vipindi na yupi ataachwa aende zake. Kwa hiyo kila kanuni nitaisoma kwa swali moja: inamsahau nani?

Mfumo wenyewe kwa haraka. Sheria ya serikali kuu ya NCLB (No Child Left Behind, yaani asiachwe mtoto nyuma), iliyosainiwa Januari 2002, ililazimisha mtihani wa kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Ilitaka watoto wote, asilimia 100, wawe wamefikia kiwango ifikapo mwaka wa masomo 2013/14. Hakuna jimbo lililofika. Desemba 2015 ikaja sheria iliyochukua nafasi yake, ESSA (Every Student Succeeds Act). Mitihani ikabaki, ila jimbo likaachiwa kupanga kanuni yake mradi iwe na vigezo vitano: ufaulu, kigezo kingine cha kitaaluma kwa shule za chini ya sekondari (mengi yakachagua ukuaji, yaani alama za mwanafunzi zimepanda kiasi gani tangu mwaka uliopita), kuhitimu sekondari, maendeleo ya Kiingereza kwa watoto wanaojifunza lugha hiyo, na kimoja cha ubora wa shule, ambapo majimbo mengi yalichukua utoro sugu. Vinne vya kwanza kwa pamoja lazima vizidi cha tano kwa uzito mkubwa. Angalau kila miaka 3 jimbo linataja asilimia 5 ya chini kabisa ya shule zinazopata fedha za Title I, fungu la serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini, pamoja na kila sekondari ambayo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu.

Sasa ufaulu. Tuseme mstari wa kufaulu ni alama 300 na darasa lina watoto watano: 240, 270, 296, 305, 350. Waliofaulu ni wawili, asilimia 40. Mwalimu akimsukuma yule wa 296 alama nne tu, shule inaruka hadi asilimia 60. Akihangaika mwaka mzima na yule wa 240 mpaka akafika 280, kazi ngumu mara kumi, shule inabaki na asilimia 40 yake. Kanuni imeshamwambia mwalimu akae na nani. Derek Neal na Diane Schanzenbach walipochunguza shule za Chicago chini ya kanuni za namna hii walikuta ndivyo ilivyokuwa: watoto wa karibu na mstari walipanda, wa chini kabisa hawakupata kitu.

California iliachana na asilimia ya waliofaulu kwenye dashibodi yake, yaani ukurasa wa wazi wa matokeo ya shule. Inachukua umbali wa kila mtoto kutoka kwenye mstari, kisha inatafuta wastani. Kwa watoto wetu watano: −60, −30, −4, +5, +50. Jumla ni −39, wastani −7.8. Mpandishe wa 296 alama nne, wastani unakuwa −7.0. Mpandishe wa 240 alama arobaini, unakuwa +0.2. Alama moja ya mtoto yeyote ina thamani ileile popote alipo. Ni mtihani uleule na watoto walewale, ila sasa yule wa chini ana maana kwenye hesabu.

---

Bi_Kadirio

Shukrani mkuu. Naongeza jambo la idadi ndogo, kwa sababu ndipo watunga sera wengi wanapoteleza.

Shule yenye watahiniwa 20, kila mtoto ni asilimia 5 nzima. Hata kama ufundishaji haukubadilika hata chembe, kwa shule yenye ufaulu wa nusu kwa nusu, bahati ya nani amezaliwa mwaka gani inatikisa matokeo kwa kama asilimia 11 juu au chini. Kwa watahiniwa 80 mtikisiko ni kama asilimia 5.6, kwa 400 ni 2.5. Kwa hiyo ukitoa orodha ya shule bora, juu zitajaa shule ndogo. Ukitoa orodha ya mbovu, chini nako zitajaa shule ndogo. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha hili kwa takwimu za North Carolina. Tuzo zinakwenda kwa bahati na adhabu vilevile.

Tena shule uliyoikamata chini kabisa mwaka huu, mwakani itapanda kidogo hata usipofanya lolote, kwa kuwa sehemu ya kilichoiweka pale ni mwaka mbaya. Afisa atasema mpango wake wa kuinusuru shule umefanya kazi. Dawa ni kutumia wastani wa miaka 2 au 3 kabla ya kuitaja shule, na kuchapisha idadi ya watahiniwa kando ya kila asilimia.

Upande wa pili wa jambo hilo ni idadi ya chini ya kundi. Shule huhesabiwa pia kwa makundi: watoto wa familia maskini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, makundi ya rangi. Jimbo ndilo linaloamua kundi lianze kuhesabiwa likiwa na watoto wangapi, na mengi yako kati ya 10 na 30. Ukiweka 30, takwimu zinatulia lakini shule yenye watoto 28 wenye ulemavu haiulizwi chochote juu yao. Ukiweka 10, hakuna anayefichwa lakini namba zinarukaruka. Njia ninayoiona bora ni kuweka 10 na kuunganisha miaka mitatu. Kundi la watoto 10 kwa mwaka linakuwa na matokeo 30, na mtoto anabaki ndani ya hesabu.

---

Chaki_na_Ubao

Wakuu, swali. Kwa nini wasipime ukuaji tu, waachane na ufaulu? Shule ya watoto maskini itaonekana mbaya daima ukiangalia ufaulu, hata walimu wake wakifanya maajabu.

---

Mizani_Tano

Chaki_na_Ubao, hoja yako ndiyo iliyoingiza ukuaji kwenye sheria. Njia inayotumika sana ilianzia Colorado. Mtoto wa darasa la tano aliyepata 270 mwaka jana analinganishwa na watoto wote wa jimbo wenye historia ya alama kama yake. Akiwazidi 64 katika kila 100, ukuaji wake ni 64. Kisha shule inapanga namba za watoto wake wote kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati. Ikiwa 50, shule inakuza kama kawaida ya jimbo.

Uzuri wake ni huo ulioutaja. Ubaya upo sehemu mbili. Kwanza, ni mashindano ya wao kwa wao: jimbo zima likishuka, katikati inabaki 50, na hakuna taa itakayowaka. Pili, mtoto anaweza kuwa na ukuaji wa 55 kila mwaka na akamaliza darasa la nane hajui kusoma vizuri, kwa sababu alianza mbali mno. Mzazi wake ana haki ya kuambiwa yote mawili. Ndiyo maana majimbo yanaweka ufaulu na ukuaji pamoja.

Halafu ukuaji unahitaji mitihani miwili mfululizo. Machi 2020 mitihani ilisitishwa nchi nzima kwa ajili ya korona, na ghafla hakukuwa na alama za kuanzia. Waliotaka kupima ukuaji mwaka 2021 ilibidi warudi kwenye alama za 2019. Mfumo ukiusimamisha juu ya ukuaji, andika mapema utafanya nini mwaka mmoja ukipotea.

---

Mkaguzi_Daraja

Mmegusa uzito wa vigezo kijuujuu. Nishuke hapo kidogo.

Jimbo linaandika: ufaulu asilimia 40, kuhitimu asilimia 20. Watu wanaamini ufaulu una nguvu mara mbili. Hapana. Nguvu halisi ya kigezo inategemea pia shule zinatofautiana kiasi gani kwenye kigezo hicho. Tuseme ufaulu unatofautiana kati ya shule na shule kwa pointi 18 hivi juu au chini ya wastani, na kuhitimu kwa pointi 4 tu kwa sababu karibu shule zote ziko kati ya 88 na 96. Zidisha: 0.40 × 18 = 7.2, 0.20 × 4 = 0.8. Ufaulu una nguvu mara tisa. Kuhitimu kumebaki pambo kwenye karatasi. Kabla ya kutangaza kanuni, ipitishe kwenye takwimu za miaka mitatu iliyopita, uondoe kigezo kimoja kimoja na kuangalia shule ngapi zinahama daraja. Kigezo ukikiondoa na hakuna shule inayohama, hakifanyi kazi.

Kuhusu herufi A mpaka F, ambazo Florida ilianza nazo mwaka 1999: mzazi anazielewa mara moja, hilo siwezi kulikataa. Lakini shule yenye C inaweza kuwa na ufaulu mkubwa na ukuaji duni, na jirani yake yenye C ikawa kinyume chake. Zinahitaji msaada tofauti kabisa. Herufi ikitolewa, iende pamoja na vigezo vyake kwenye ukurasa uleule.

---

Mlezi_Ohio

Huku tuliko kuna familia nyingi za Kikongo na Kirundi ambazo nyumbani ni Kiswahili. Wataalamu, nisaidieni: mtoto aliyefika juzi toka kambini anafanya mtihani wa kusoma kwa Kiingereza na kuishusha shule? Nimesikia walimu wakilalamika hivyo.

---

Bi_Kadirio

Ndugu Mlezi, sheria imeliangalia hilo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 katika shule za Marekani jimbo linaweza kumsamehe mtihani mmoja wa kusoma. Au linachukua njia ya pili: mwaka wa kwanza anafanya ila alama hazihesabiwi kwa shule, wa pili unahesabiwa ukuaji wake, wa tatu ndipo ufaulu. Naipenda hii ya pili kwa sababu mtoto anapata alama ya kuanzia. Hisabati anafanya tangu mwanzo.

Pembeni ya hapo kuna mtihani wa Kiingereza chenyewe, kila mwaka, tangu chekechea hadi darasa la kumi na mbili, katika stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Majimbo mengi yanatumia ule wa WIDA, muungano wa majimbo, unaoitwa ACCESS. Ulizeni shuleni alama za kila stadi peke yake, msikubali ya jumla tu. Watoto wengi huzungumza vizuri mapema na kukwama kwenye kuandika, na alama ya jumla inaficha hilo.

Kuna mtego mwingine hapa. Mtoto akishafuzu Kiingereza anatoka kwenye kundi la wanaojifunza. Wanaofanya vizuri wanaondoka, wapya wanaingia, kundi linaonekana limesimama miaka nenda rudi hata kama shule inafanya kazi kubwa. Kwa hiyo sheria inaruhusu waliofuzu waendelee kuhesabiwa ndani ya kundi hadi miaka minne. Jimbo lisilotumia ruhusa hiyo linaziadhibu shule kwa kufaulisha.

Na la mwisho kwenu wazazi: mkihama jimbo na mtoto aliye sekondari, hakikisheni shule mpya imeomba rekodi zake kwenye ile ya zamani kwa maandishi. Kiwango cha kuhitimu kinahesabiwa hivi: wote walioanza darasa la tisa pamoja, ongeza waliohamia, toa waliohama, waliokwenda nchi nyingine na waliofariki, kisha angalia wangapi wamepata cheti cha kawaida ndani ya miaka minne. Kuhama bila karatasi hakutoi jina kwenye hesabu. Mtoto yuko darasani jimbo lingine, huku anahesabiwa kama ameacha shule.

---

Karani_wa_Zamu

Utoro sugu nao una mbinu zake. Kipimo cha majimbo mengi ni mtoto kukosa asilimia 10 ya siku za shule. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani mbili kwa mwezi, kiasi ambacho mzazi haoni kama ni tatizo. Zinahesabiwa zote, za ruhusa na zisizo na ruhusa, hata alizosimamishwa kwa utovu wa nidhamu.

Pa kuangalia kwa makini ni hapa: je, aliyefika saa nne asubuhi yupo au hayupo? Je, mtoto aliyekosa siku nyingi mfululizo anafutwa kwenye daftari na kuandikishwa upya, ili hesabu ianze sifuri? Jimbo lisipoandika jibu la maswali haya kwenye mwongozo, kila shule itajijibu yenyewe, na utakuwa unalinganisha madaftari badala ya watoto.

---

Mwana_Nanga

Mnazungumzia kanuni kana kwamba mtihani wenyewe ni rula ya chuma. Mtihani nao hupinda.

Swali moja la mtihani wa jimbo huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili tangu liandikwe hadi lihesabiwe. Linaandikwa kufuata jedwali la mada, linapitiwa na walimu, linapitiwa tena na kamati inayotafuta upendeleo (swali la hisabati linalodai mtoto ajue sheria za besiboli linatupwa), kisha linachomekwa kwenye mtihani wa kweli bila kuhesabiwa ili lijaribiwe. Hapo unaangalia asilimia ya waliolipata na kama waliolipata ndio waliofanya vizuri kwenye mtihani mzima. Swali ambalo wanafunzi bora wanalikosa na dhaifu wanalipata mara nyingi lina majibu mawili sahihi au ufunguo umekosewa.

Ili alama za mwaka huu zilingane na za mwaka jana, unarudia baadhi ya maswali ya mwaka jana, kama moja ya tano ya mtihani, yakiwa kiungo. Maswali hayo lazima yakae karibu na nafasi ileile, sura ileile, muda uleule. Mwaka 1986 mtihani wa taifa wa sampuli, NAEP, ulibadilisha mpangilio wa maswali ya kusoma na muda wake. Alama zikaporomoka kwa namna ambayo haikuaminika, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mabadiliko ya mtihani yalichangia pakubwa. Na kama maswali ya kiungo yamevuja, kila shule itaonekana imepanda.

New York ni funzo la pekee. Mwaka 2009 asilimia 86 ya watoto wa darasa la tatu hadi la nane walihesabiwa wamefikia kiwango cha hisabati, na 77 cha Kiingereza. Mitihani ilikuwa imezoeleka, mada zilezile zikirudi kwa sura zilezile, na walimu walijua cha kukazania. Mwaka 2010 jimbo likapandisha mistari ya kufaulu, na waliofikia kiwango wakashuka hadi asilimia 61 na 53. Watoto hawakupoteza akili kwa mwaka mmoja. Kinga ni kuwa na kipimo cha pili kisicho na tuzo wala adhabu. NAEP hupima sampuli ya darasa la nne na la nane, hakuna shule inayopata alama yake, kwa hiyo hakuna anayefundisha kwa ajili yake. Mtihani wa jimbo ukipanda sana na NAEP ikabaki chini, tafuta sababu kabla ya kusherehekea.

---

Chaki_na_Ubao

Na wizi wa mitihani? Kule haupo?

---

Mwana_Nanga

Upo. Atlanta, uchunguzi wa serikali ya jimbo la Georgia uliotolewa mwaka 2011 uliwataja walimu na viongozi 178 katika shule 44 waliohusika na kubadilisha majibu ya mitihani ya 2009. Waligunduliwa kwa alama za kifutio: mashine inayosahihisha huona jibu lililofutwa, na madarasa yalikuwa na mafuto mengi mno ya kutoka kosa kwenda sahihi. Kesi ikaisha mwaka 2015 kwa 11 kutiwa hatiani. Shinikizo la malengo lilikuwa kubwa, na waliosimamia mtihani walikuwa walewale wanaopimwa nao. Walimu wasisimamie darasa lao, na karatasi zisilale shuleni baada ya mtihani. Hayo mawili ni rahisi kuliko uchunguzi wowote.

---

Mkaguzi_Daraja

Nitoke Marekani kidogo, maana kuna kitu kinatuhusu moja kwa moja. Kule kuna kanuni inayotaka angalau asilimia 95 ya watoto wafanye mtihani, na ina kazi maalumu: mgawanyo haufanywi kwa waliofanya mtihani pekee. Shule yenye watoto 100, wakafanya 80, wakafaulu 60, hawagawanyi 60 kwa 80 wakapata 75. Wanagawanya kwa 95, inakuwa 63. Kumficha mtoto dhaifu nyumbani siku ya mtihani hakulipi.

Tanzania mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa wastani wa mtihani wa darasa la saba, kitaifa na kiwilaya. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama kweli. Lakini pia watahiniwa walipungua: watoto waliondolewa kabla ya kufika kwenye mtihani. Wastani ulihesabiwa kwa waliofanya tu, na kanuni ikawasahau wasiofanya. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora Januari 2023, lakini wilaya na wazazi wanaendelea kupanga wenyewe kwa wastani uleule.

---

Chaki_na_Ubao

Mkuu, kwetu hiyo namba ya kugawia tutaitoa wapi? Waliosajiliwa darasa la saba tayari wameshachujwa.

---

Mkaguzi_Daraja

Anzia darasa la nne. Kila mtoto anayesajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa NECTA, na uhamisho wake unapita humohumo. Tuseme shule ilisajili 62. Watano wamehama na namba zao zimepokewa kwingine, watatu wamehamia. Baki ni 60. Waliofanya darasa la saba 40, waliofaulu 36. Kwa hesabu ya sasa ni asilimia 90 na pongezi juu. Kwa 60, ni asilimia 60.

Wale 20 ndio kazi ya afisa elimu kata: wangapi wamekariri na wako darasa la sita, wangapi wamefariki, wangapi wako mtaani. Aliyekariri abaki kwenye hesabu ya kundi lake, asihamishiwe la mwaka unaofuata, la sivyo shule itajificha nyuma ya kukaririsha. Aliyefariki atolewe kwa cheti. Waliobaki waandikwe majina, kila mmoja na mara ya mwisho alipoonekana darasani, na karatasi hiyo iende pamoja na matokeo.